Kengele ya Saa ya Mkono ya Zamani Inapogoma Kulia

Saa ya mkono ya kutia ufunguo yenye kengele ya mitambo inapoacha kulia, mwenye saa huwa na haraka ya kudhani kwamba springi imekatika, na fundi asiyezoea saa za aina hiyo huwa na haraka ya kuifumua yote. Haraka zote mbili zina gharama. Katika saa za namna hii nilizozitengeneza, na katika zile nilizozikuta zimekwisha kuharibiwa na mikono mingine, mara nyingi sauti ilikuwa imekwisha kuonyesha mahali pa hitilafu kabla kifuniko hakijafunguliwa, na kusikiliza kwa dakika kumi kuliokoa siku nzima ya kazi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na sikio, kisha jicho, na bisibisi inakuja mwisho.

Saa zenyewe si za aina moja. Vulcain Cricket ya Uswisi ilitoka mwaka 1947, na Memovox ya Jaeger-LeCoultre ikafuata mwaka 1950. Hizo ni ghali, na zinastahili fundi mzoefu tangu mwanzo. Saa inayopatikana kwa urahisi zaidi ni ile yenye mtambo wa AS 1475, uliotengenezwa na kiwanda cha A. Schild cha mjini Grenchen, Uswisi, ambacho kiliuza mitambo yake kwa kampuni nyingi zilizoweka majina yao wenyewe kwenye uso wa saa. Nakala yake ya Kisovieti, Poljot 2612, ilitoka katika Kiwanda cha Kwanza cha Saa cha Moscow. Zote mbili hutambulika kwa vifundo viwili upande wa kulia: cha juu ni cha kengele, cha chini ni cha saa. Nitaichukua jamii hii kuwa mfano, kwa sababu ndiyo ninayoijua zaidi na kwa sababu hitilafu zake zinafanana sana na za saa nyingine za kengele.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachofanyika ndani. Katika mtambo wa AS 1475 mna mashine mbili zinazoishi pamoja. Ya kwanza ni saa ya kawaida, yenye springi yake na gurudumu la mizani linalopiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kwa sekunde. Ya pili ni kengele, yenye springi yake peke yake, magurudumu machache ya meno, na mwishoni nyundo ndogo inayotikiswa huku na huku kwa kasi kubwa. Nyundo hiyo haina mizani ya kuipunguza kasi. Ikishaachiwa hutikisika mpaka springi iishe nguvu, jambo linalochukua sekunde kumi au zaidi kidogo, na katika kutikisika huko hugonga pini iliyosimama upande wa ndani wa kifuniko cha nyuma. Kifuniko ndicho kengele yenyewe, na nyundo bila kifuniko ni mvumo mtupu.

Kinachoizuia nyundo isilie wakati wote ni springi bapa iliyolala upande wa uso wa saa, chini ya gurudumu linalobeba mshale mfupi. Juu ya gurudumu hilo limelala jingine, la mshale wa kengele. Moja lina vinundu na jingine lina nafasi za kuvipokea, na vimepangwa kwa namna ambayo hukutana barabara mara moja tu katika kila saa kumi na mbili. Vinapokutana, springi bapa hulisukuma gurudumu la mshale mfupi kwenda juu kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na ncha ya springi hiyo huondoka kwenye njia ya nyundo. Kengele nzima inategemea mwendo huo mdogo, na nusu ya hitilafu nitakazozieleza zinatokana na kitu kinachouzuia.

Kabla ya kufungua chochote

Hakikisha kwamba saa imegoma kweli. Katika mitambo ya jamii hii kifundo cha juu kikiwa kimesukumwa ndani hutia ufunguo springi ya kengele, na kikivutwa nje huzungusha mshale wa kengele na papo hapo huiruhusu kengele kulia. Mtu aliyezoea saa za kawaida huweka saa anayoitaka, kisha akasukuma kifundo ndani kwa nia njema kabisa, na kwa kufanya hivyo huwa ameinyamazisha kengele. Nimewahi kuletewa saa tatu tofauti zisizokuwa na ugonjwa wowote isipokuwa huo. Katika Seiko Bell-Matic, ambayo ni saa ya Kijapani ya miaka ya 1960, kazi hiyo ya kuruhusu na kunyamazisha inafanywa na kitufe kilicho karibu na namba 2: kikivutwa nje kengele iko tayari, kikibanwa imezimwa. Tena katika Bell-Matic mwendo wa mkono huitia nguvu springi ya saa tu, na ya kengele lazima itiwe ufunguo kwa kifundo, kwa hiyo saa inaweza kutembea mwezi mzima huku kengele haina nguvu hata kidogo.

Jambo la pili ni hesabu ya saa kumi na mbili. Mtambo haujui usiku wala mchana. Anayeweka kengele saa tisa alasiri ili imwamshe saa kumi na moja alfajiri ataisikia ikilia saa kumi na moja jioni, na usiku springi itakuwa tupu. Ikiwa saa hiyo ni ya kumwamsha mtu kula daku, itiwe ufunguo na iwekwe wakati wa kwenda kulala, si kabla. Na kwa kuwa sisi tunaisoma saa kwa hesabu yetu wakati uso unaonyesha namba nyingine, ni vizuri kujikumbusha kwamba saa kumi na moja ni mshale wa kengele kwenye 5. Anayeazima saa ya mwenzake aliyezoea hesabu ya Kizungu hukosea hapa kwa saa sita kamili.

Jambo la tatu ni upande wa kuzungusha. Katika nyingi ya saa hizi vinundu vina upande mmoja wenye mteremko na upande mwingine uliosimama wima. Mshale mfupi unapoendelea mbele baada ya kengele kulia, vinundu hupanda mteremko polepole na kujirudisha mahali pake. Lakini mishale ya saa ikirudishwa nyuma na kuipita saa ya kengele, au mshale wa kengele ukizungushwa mbele kwa nguvu, upande uliosimama wima hugonga ukuta. Kwa hiyo mshale wa kengele uzungushwe kinyume cha mwendo wa saa, na mishale ya saa isogezwe mbele tu. Ukihisi umegota, acha. Nguvu ya vidole viwili inatosha kupinda kitu ambacho hakiuzwi tena dukani.

Jaribio la kusikiliza

Sasa tia ufunguo springi zote mbili, na zingatia kifundo cha kengele kinavyohisi mkononi. Kikiwa kimekaza tangu mwanzo, springi ina nguvu tayari, maana yake kengele haijaachiwa tangu ilipotiwa ufunguo mara ya mwisho. Kikizunguka bila mwisho na bila kukaza, springi imekatika au imechomoka kwenye ndoano yake. Kikikaza, halafu kikarudi nyuma unapokiachia, jino linaloizuia springi isirudi halishiki.

Weka mshale wa kengele kwenye namba fulani, acha kifundo kikiwa nje, iweke saa sikioni mahali penye utulivu, na usogeze mishale mbele polepole kuelekea namba hiyo. Mishale ikifika hapo utasikia, na wakati mwingine utahisi kwenye kidole, mlio mdogo mkavu wa kitu kilichodondoka mahali pake. Huo ni mlio wa gurudumu linaloinuliwa na springi bapa, na ndio unaogawanya safari. Ukiusikia na kengele ikabaki kimya, tatizo liko kwenye nguvu au kwenye nyundo. Usiposikia mlio wowote hata baada ya kuzungusha saa kumi na mbili kamili, tatizo liko upande wa uso wa saa. Na ukisikia mlio huo ukifuatwa na mvumo hafifu usiogonga kitu, funga midomo ya watu wanaokushauri ununue springi mpya na uangalie kifuniko.

Kifuniko cha nyuma

Nakaa hapa kwa muda kwa sababu hapa ndipo haki ya saa hizi inapopotea. Saa ya marehemu baba yangu, Poljot ya miaka ya 1970, ilirudi kutoka kwa fundi ikitembea vizuri, lakini kengele yake ikavuma kama nyuki aliyefungiwa chupani. Fundi alisema springi imechoka na kwamba ndivyo saa kuukuu zilivyo. Baba aliamini, na kwa miaka minane hakuitumia kengele hiyo tena. Nilipoifungua baada ya kufariki kwake, springi ilikuwa nzima kabisa. Kifuniko kilikuwa kimerudishwa kikiwa kimegeuzwa karibu robo mzunguko, na pini ilikuwa mbali na nyundo.

Kifuniko cha saa ya kengele hakirudishwi kwa namna yoyote ile kama cha saa ya kawaida. Mara nyingi kina pengo au ulimi mdogo unaopaswa kukaa kwenye nafasi yake ukingoni mwa kasha, na pete yenye nyuzi hukikaza kwa juu ili chenyewe kisizunguke. Kabla ya kukifungua, tia alama mbili ndogo za kalamu ya wino, moja kwenye kifuniko na moja kwenye kasha, au piga picha. Kikishafunguka, ishike pini kwa kibano na uisukume taratibu: haitakiwi kucheza hata kidogo. Pini iliyolegea hutoa sauti ya kukwaruza badala ya mlio, na iliyopinda ama haiguswi na nyundo ama huibana nyundo isitikisike. Tazama vilevile alama ya kugongwa kwenye pini. Doa linalong'aa likiwa kwenye ncha kabisa, kifuniko kimekaa juu mno, pengine kwa sababu mtu ameweka mpira wa kuzuia maji ulio mnene kuliko ule wa asili. Jambo hilo ni la kawaida katika saa zilizokaa pwani, ambako chumvi na unyevu hula mipira na mafundi hulazimika kuweka ule unaopatikana.

Baadhi ya saa za kengele zina vifuniko viwili, cha ndani chenye pini na cha nje chenye matundu au uwazi wa kupitisha sauti. Matundu hayo hujaa uchafu wa jasho na sabuni. Yasafishwe kwa kijiti cha mbao kifuniko kikiwa kimetengwa kabisa na mtambo. Na kama cha ndani hakipo, hakuna marekebisho yatakayoirudisha sauti mpaka kingine kipatikane.

Nyundo na nguvu yake

Mtambo ukiwa wazi mbele yako, tia ufunguo wa kengele nusu tu, izungushe mishale mpaka usikie ule mlio wa kudondoka, na uiguse nyundo kwa ncha ya kijiti laini cha mbao. Ikianza kutikisika yenyewe na kuendelea, kuna msuguano unaoizuia kuanza, na karibu kila mara ni mafuta yaliyokauka kwenye magurudumu ya kengele au kwenye mhimili wa nyundo. Ikicheza bila upinzani wowote, nguvu haifiki: springi imekatika, au gurudumu mojawapo halishikani na lenzake. Ikiwa imekaza kama iliyofungwa, basi kweli imefungwa, na kinachoifunga ni ile ncha ya springi bapa au kizuizi cha kifundo, yaani kile kinachoinyamazisha kengele kifundo kikisukumwa ndani, ambacho hakijaondoka. Usiiache kengele ilie mpaka mwisho kifuniko kikiwa nje. Nyundo iliundwa ikutane na pini, na bila pini hutikisika kupita kipimo chake.

Hitilafu ya kinyume, yaani kengele inayolia mara tu inapotiwa ufunguo na isiyokubali kunyamaza, ina chanzo kwenye vizuizi hivyohivyo. Ikilia hata kifundo kikiwa kimesukumwa ndani, kizuizi cha kifundo kimechakaa au hakifiki. Ikinyamaza kifundo kikiwa ndani lakini ikalia wakati wowote kikivutwa, bila kujali mshale uko wapi, springi bapa imepinda, haiifikii tena nyundo.

Kwa msuguano, dawa ni kusafisha, na kusafisha maana yake ni kuufumua mtambo, kuosha kila kipande na kutia mafuta upya. Ninasema hivi kwa msisitizo kwa kuwa najua kishawishi kilivyo: tone moja la mafuta ya cherehani juu ya nyundo, na kengele inalia siku hiyohiyo. Mafuta hayo husambaa hadi kwenye gurudumu la mizani, hunasa vumbi, na baada ya miezi michache saa nzima husimama. Mafuta ya taa si bora. Springi itiwe grisi yake, kwa mfano Moebius 8200. Mihimili ya polepole itiwe mafuta mazito. Miteremko ya vinundu ipakwe grisi nyembamba kiasi cha kung'aa tu. Na kabla ya kulegeza daraja lolote, yaani bamba linaloshika magurudumu, ondoa nguvu ya springi zote mbili kwa kukishika kifundo na kukiachia kidogo kidogo huku jino la kuzuia likiwa limeinuliwa. Wengi hukumbuka ya saa na kusahau ya kengele, na springi inayoachiwa ghafla huvunja meno ya magurudumu.

Upande wa uso

Kabla ya kuing'oa mishale na kuuondoa uso, lazima niseme jambo la afya. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu, ambayo hutoa mionzi, kwenye namba na kwenye mishale. Rangi hiyo huenda haing'ai tena, kwa sababu kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga imechoka, lakini radiamu-226 hupungua kwa nusu baada ya miaka 1,600, na kwa hiyo iko palepale. Hatari kubwa ni vumbi lake kuingia puani au mdomoni. Usiikwangue, usiipulize, usile mezani hapo, na nawa mikono ukimaliza. Rangi ikiwa inamomonyoka, mpe kazi hiyo mtu mwenye vifaa.

Uso ukishaondoka, ubonyeze mkusanyiko wa magurudumu ya katikati kwa kijiti: gurudumu la mshale mfupi linapaswa kushuka na kupanda kwa wepesi, likisukumwa na springi bapa. Likinata, grisi ya zamani imegeuka gundi kati yake na gurudumu la kengele. Likipanda nusu, kagua skrubu zinazolishika gurudumu la kengele kwa juu, na tazama kama vinundu vimelika kwenye ncha. Kingo zilizolika hufanya kengele ilie mapema au kwa kusitasita.

Gundi hiyohiyo huleta ugonjwa mwingine unaowachanganya wengi: mshale wa kengele kuburutwa na mshale mfupi, hivyo kwamba uliouweka kwenye 5 asubuhi unaukuta umesogea. Kusafisha huponya mara nyingi. Kusipoponya, magurudumu madogo ya kuzungushia mshale wa kengele yamepoteza ukinzani wao na yanahitaji kukazwa na fundi.

Saa inayosimama muda mfupi baada ya wakati wa kengele, hata kama kengele haikuruhusiwa kulia, haina kosa la kengele kwa kweli. Wakati huo vinundu vinapanda mteremko dhidi ya springi bapa, na saa inadaiwa nguvu zaidi kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Saa chafu hushindwa hapo. Nimeona mafundi wakiidhoofisha springi bapa kwa kuipinda ili saa ipite, na hilo ni kosa, kwa kuwa kengele huanza kulia ovyo na uchafu unabaki.

Kurudisha mishale ndiyo kazi ya uvumilivu. Uso ukiwa mahali pake, kifundo cha kengele kikiwa nje, zungusha kwenda mbele polepole mpaka ule mlio wa kudondoka usikike, na usimame papo hapo. Bandika mshale wa kengele ukielekea 12 barabara, kisha mshale mfupi kwenye 12, kisha mrefu kwenye 12. Hakikisha mishale yote, pamoja na wa sekunde, iko sambamba na haigusani, kwa sababu mishale minne katika nafasi finyu hugusana kwa urahisi. Jaribu kengele kwenye 3, 6 na 9. Tofauti ya hadi dakika tano hivi ni kawaida kwa saa hizi. Ikizidi, ng'oa mshale wa kengele na urudie.

Vipuri vya AS 1475 hupatikana hasa kwa kununua saa nyingine mbovu yenye mtambo huohuo. Usidhani kwamba kipande cha Poljot 2612 kitaingia bila kupimwa kwa sababu tu kinafanana. Kilinganishe kwa lenzi na kile cha asili kabla ya kukiingiza.

Ukishafunga kifuniko kwa kufuata alama zako, jaribu kengele mara mbili: kwanza saa ikiwa imewekwa juu ya sahani au meza ya mbao, kisha ikiwa mkononi. Mezani italia kwa nguvu, na mkononi itakuwa hafifu kwa sababu nyama ya mkono humeza mtikisiko wa kifuniko. Hitilafu ipo ikiwa ni hafifu mahali pote pawili, na hapo urudi kwenye pini.